Miadi ya Tarehe 17

Mzee mmoja wa Uingereza, miaka 78, alifiwa na mkewe Januari 1986. Matanga hayajapoa, ukazuka ugomvi wa kifamilia juu ya mali ya marehemu, na Machi 4 mzee, kwa hasira, akatia saini wosia uliowaacha binti zake wawili mikono mitupu. Kufikia katikati ya mwaka walikwisha kupatana. Julai 17 mawakili wake wakapokea barua ya kuagiza wosia mpya: kila binti pauni 9,000, wajukuu watano pauni 1,800 kila mmoja. Kazi ya karatasi moja.

Barua ikalala. Miadi ikawekwa, ikavunjwa, na si mara moja. Agosti 16, mwezi mzima baadaye, aliyeshika jalada akawaandikia wenzake wa mirathi dokezo kwamba wosia uandaliwe. Kesho yake akaenda likizo. Hatimaye mzee akapangiwa Septemba 17. Akafariki tarehe 14.

Wosia wa hasira ukasimama. Mabinti wakaishtaki ofisi ile, na jaji wa kwanza akawatupa nje: mteja alikuwa baba yao, si wao. Ni ukatili kusikia, lakini hoja ilikuwa nzito. Mwenye mkataba amekufa na mali yake haijapungua hata senti. Waliopoteza hawana mkataba. Mahakama ya rufaa ikawapa haki, kisha mwaka 1995 kesi hiyo, White v Jones, ikamalizikia Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo. Majaji watatu kwa wawili, mabinti wakashinda.

Wanasheria huisimulia kama ushindi. Mimi naona miaka karibu tisa ya kuhangaika, na kura moja tu kati ya fidia na patupu.

Linaloniuma zaidi ni jinsi dawa ilivyokuwa rahisi. Sheria ya wosia ya Uingereza, ya mwaka 1837, inataka maandishi, saini, na mashahidi wawili waliopo pamoja saini ikitiwa. Haitaki wakili. Mzee angeandika kwa mkono jioni ile miadi ya kwanza ilipovunjwa, akawaita majirani wawili wasio warithi wala wenzi wa warithi, na wosia wa kiofisi ungefuata kwa wakati wake. Lakini mtu akishafungua jalada kwa wakili huona aibu kugusa jambo lake mwenyewe, hata kuuliza anaona ni utovu wa adabu.

Uliza. Nani hasa anaandika, wakili mwenyewe au karani wake? Rasimu nitaisoma tarehe ngapi? Ukijibiwa "tutakupigia", siku hiyohiyo andika ulichoagiza na lini, peleka, baki na nakala. Mabinti wale, baba yao akiwa kaburini, walichobaki nacho cha kuonyesha alichotaka ni ile barua ya Julai.