Gagulo la Hariri na Mafundi Wasiotajwa

Katika karne ya 18 huko Uingereza, mwanamke mwenye uwezo alivaa gauni lililoachwa wazi mbele tangu kiunoni hata miguuni, makusudi gagulo lililo ndani, lililojazwa sufu na kushonwa kwa nakshi, lipate kuonekana. Hivyo vazi ambalo sisi tumezoea kulisitiri, kwao lilikuwa fahari ya kutembea nayo mchana kweupe.

Fundi alitandaza bitana ya kitani au ya sufu, akaeneza juu yake sufu iliyochambuliwa, akafunika kwa hariri ya atlasi, kisha akapiga bandi ndogo ndogo, sindano ikizama na kuibuka katika tabaka zote tatu, kwa kuwa pasipo nyuzi zile sufu ingeteremka ikakusanyika pindoni, na vazi likakosa joto na umbo. Karibu na kiuno aghalabu alishona vimraba vya mshazari tu. Ubavuni akaacha nafasi mbili, mvaaji apate kupenyeza mkono kuufikia mkwiji uliofungwa ndani kwa utepe. Lakini alipofikia chini, mahali macho ya watu yatuapo, ndipo alipodhihirisha ustadi wake kwa maua, majani na manyoya yaliyojipinda. Nami hustaajabia hasa jambo hili, kwamba ua lililopendeza macho ndilo hilo hilo lililoishika sufu isiteleze, hata mtu asiweze kutenga pambo na manufaa.

Maarifa haya hayakuwa ya Waingereza peke yao. Mafundi wa Marseille, Ufaransa, walisifika kwa kazi nyeupe juu ya nyeupe, na wale wa Gujarat, India, ambako nguo zilitoka kuja pwani yetu tangu kale, waliwatarizia watu wa Ulaya maua ya hariri kwa mshono wa mnyororo. Karakana za London nazo zilishona magagulo tayari kwa kuuzwa, mengine yakavushwa bahari hadi makoloni ya Marekani.

Mengi yalifumuliwa baadaye yakageuzwa mifarishi ya vitanda. Yaliyosalia yamo katika makumbusho, kama Victoria and Albert ya London. Kibandiko hutaja karne, nchi na aina ya hariri, ila jina la aliyeshona aghalabu halimo, maana wakati ule hakuna aliyejali kuliandika, na dhuluma hiyo hainipitii kwa wepesi. Laiti watunzaji wangeligeuza gagulo moja tu, wakatuonyesha upande wa bitana, ambako mng'aro wa hariri haufiki, na mishono huonekana mmoja mmoja kama ilivyotoka mkononi mwa fundi.