Hodi Barabarani: Mpiga Picha wa Mitaa na Haki ya Anayetazamwa

Katika maadili ya Waswahili, mgeni hasukumi mlango. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja. Hodi hupigwa hata mlango ukiwa wazi, kwani shabaha yake si kufunguliwa tu. Ni kumpa aliye ndani muda wa kujistiri, kujitengeneza na, akipenda, kunyamaza. Kimya baada ya hodi ya tatu ni jibu kamili, na mgeni muungwana hurudi alikotoka.

Desturi hii imejengwa juu ya mlango, nayo barabara haina mlango. Je, anayetembea mtaa kwa mtaa akiwa na kamera, akipiga picha kila nyumba na kila kona, ampigie nani hodi? Swali hili linahusu upigaji picha, lakini linaihusu fasihi vilevile. Mwandishi wa riwaya ya jiji na mpiga picha wa mitaa hufanya kazi moja: huchukua maisha ya watu ambao hawakuomba kutazamwa, wakayaweka mbele ya macho ya wengine. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia jiji la New York, ambalo kwa zaidi ya karne moja limepigwa picha kwa njia zinazotofautiana kimaadili. Hoja inayotetewa ni kwamba uadilifu wa kazi hiyo haupimwi kwa wema wa nia wala kwa ukamilifu wa mkusanyo. Hupimwa kwa kuuliza kama anayetazama amekubali naye kutazamwa na kuulizwa.

Nia Njema Bila Hodi

Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani mwaka wa 1870, alikuwa ripota wa habari za polisi katika mitaa ya maskini ya Manhattan. Alitambua kwamba maneno matupu hayatoshi kuwaaminisha wenye nafasi jinsi watu walivyorundikana katika nyumba za kupanga. Unga wa kulipua mwanga ulipoanza kujulikana mnamo 1887, yeye na wenzake walianza kuingia usiku katika vyumba na vichochoro vya giza, pengine wakifuatana na polisi. Mwanga ulilipuka, picha ikapigwa, na waliogutushwa usingizini wakabaki wakifikicha macho.

Kitabu chake cha mwaka wa 1890, How the Other Half Lives, kiliwashtua wasomaji na kuchochea juhudi za kurekebisha makazi. Ndani yake Riis anasimulia jinsi alivyowapiga picha vipofu watano katika chumba cha darini, na jinsi mlipuko wake ulivyowasha makaratasi na matambara yaliyoning'inia ukutani. Aliuzima moto huo mwenyewe, nao hawakujua hatari iliyowapitia. Aliyekuja kuwasaidia nusura awateketeze.

Yamkini mtetezi wa Riis atauliza: maskini aliyelala sakafuni na wenzake kumi, anahitaji hodi au anahitaji nyumba? Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Wako watu walioishi vizuri zaidi kwa sababu picha zile zilipigwa. Hata hivyo, faida hailipi deni hilo lote. Sehemu iliyoitwa Mulberry Bend, ambayo Riis aliipigia kelele miaka mingi, ilibomolewa na bustani ya umma ikafunguliwa pale mwaka wa 1897. Waliokuwa wakiishi hapo iliwabidi watafute pa kulala kwingine. Katika picha walikuwa ushahidi. Katika uamuzi hawakuwa na sauti. Anayezoea kuingia bila hodi hupata pia mazoea ya kuamua bila kuuliza.

Isitoshe, ukweli wa picha hizo wenyewe una walakini. Uso wa mtu aliyegutushwa na mlipuko usiku wa manane ni uso wa mshtuko. Unaonyesha kilichotokea dakika ile kamera ilipoingia, na si lazima uonyeshe maisha yalivyokuwa kabla haijaingia.

Usawa wa Mizani

Nusu karne baadaye jiji lilelile lilipigwa picha kwa namna nyingine kabisa. Kati ya 1939 na 1941, idara ya kodi ya jiji, ikisaidiwa na mradi wa serikali kuu wa kuwaajiri waliokosa kazi, ilipiga picha majengo ya wilaya zote tano ili kukadiria thamani yake. Picha hizo zilizidi 700,000. Katika picha kinaonekana kibao chenye nambari ya bloku na ya ploti. Jumba la tajiri na kibanda cha fundi viatu vilisimamishwa mbele ya kibao cha aina moja. Watu wanaoonekana humo waliingia kwa bahati: mpita njia, mtoto, muuza duka aliyesimama kizingitini.

Kazi hii haikuwa na huruma ya Riis, lakini haikuwa na ujeuri wake. Haikumvamia mtu kitandani, wala haikumfanya yeyote kielelezo cha umaskini. Zaidi ya hayo, haikuchagua. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Berenice Abbott alikuwa akilipiga picha jiji hilo kwa jicho la msanii, na mwaka wa 1939 kitabu chake, Changing New York, kilitoka. Kazi yake ina fahamu na mpango. Lakini kila msanii anapochagua mtaa mmoja huacha mingine, na mtaa ulioachwa hauingii katika kumbukumbu. Mpiga picha wa kodi hakuacha kitu kwa sababu ya kukosa mvuto. Tangu hifadhi ya nyaraka ya jiji ilipoziweka picha hizo katika intaneti mwaka wa 2018, mtu yeyote anaweza kuitafuta nyumba aliyozaliwa bibi yake, hata kama nyumba hiyo haikuwa na sifa yoyote ila kukaliwa.

Hapa pana fumbo. Picha zilizopigwa bila mapenzi zimegeuka urithi wa wengi. Lakini usawa wake ni usawa wa mizani. Mizani hupima dhahabu na mkaa kwa haki ileile, ila haijui inachokipima. Kibao kinataja ploti, hakimtaji mpangaji. Kilichozipa picha hizo uhai ni yule mjukuu anayerudi baadaye na jina ambalo kamera haikuliuliza.

Mtembezi Asiyeonekana na Mtembezi Anayeulizwa

Fasihi imemtukuza kwa muda mrefu mtembezi wa jiji. Katika insha yake ya mwaka wa 1863 juu ya mchoraji wa maisha ya kisasa, Charles Baudelaire alimsawiri kama mtu anayefurahia kuwa katikati ya umati, akiuona ulimwengu huku mwenyewe amefichika. Wahakiki wengi wamelipokea wazo hili kama uhuru wa msanii. Mara chache huulizwa uhuru huo hugharimiwa na nani. Anayeona bila kuonekana hana wa kumjibu.

Mwaka wa 2007 kampuni ya Google ilipoanza kuonyesha picha za mitaa zilizopigwa kutoka juu ya magari, New York ikiwa miongoni mwa miji ya kwanza, mtembezi huyo aliyefichika alipata magurudumu. Gari halisimami kuulizwa. Malalamiko yalipozidi, kampuni ilianza mwaka wa 2008 kuzififisha nyuso. Hatua hiyo ilikuwa na manufaa, lakini ilikuja baada ya kuingia. Kumfunika mtu uso si kumpigia hodi. Ni kukiri kwamba haikupigwa.

Dhidi ya gari hilo inafaa kuwaweka watembeao kwa miguu. William Helmreich, mwanasosholojia wa City College aliyefariki mwaka wa 2020, alitembea takriban kilomita 9,700 katika karibu kila mtaa wa New York kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka wa 2013. Utotoni baba yake alikuwa akimpeleka kwa treni hadi kituo cha mwisho, wakatembea huko pamoja. Chombo chake kikuu kilikuwa mazungumzo: alisimama, akasalimu, akauliza. Naye Matt Green, aliyeanza safari yake tarehe 31 Desemba 2011 akikusudia kupita kila mtaa wa jiji hilo, hupiga picha vitu ambavyo mtalii hangevitazama: majina ya vinyozi yaliyoandikwa kwa z badala ya s, au michoro ya kuwakumbuka waliouawa Septemba 11, 2001.

Tofauti ya watu hawa na gari si wema wa moyo. Ni mwendo. Atembeaye kwa miguu huonekana toka mbali. Mzee aliye kibarazani ana nafasi ya kumkagua, kumwita, kumkatalia au kumpa kiti. Mwendo wa polepole ndio hodi ya mahali pasipo na mlango.

Itapingwa kwamba mtu akishapigiwa hodi hujitengeneza, na picha ikapoteza uhalisi. Pingamizi hili linachukulia kwamba mtu halisi ni yule asiyejua kwamba anatazamwa. Lakini namna mtu anavyotaka kuonekana na wageni ni sehemu ya ukweli wake, pengine sehemu anayoithamini kuliko zote. Kumnyang'anya hiyo kwa jina la uhalisi ni kudai kwamba mgeni anamjua mwenyeji kuliko mwenyeji anavyojijua.

Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba kila picha iliyopigwa bila ruhusa itupwe. Picha za Riis zitaendelea kusomwa, na za kodi zitaendelea kutafutwa. Linalodaiwa ni kwamba zisomwe pamoja na deni lake: mhakiki asiridhike kuuliza picha inaonyesha nini, bali aulize pia mpiga picha alisimama wapi, alikaa kwa muda gani, na ni nani angeweza kumwambia hapana. Maswali hayo yanafaa kuulizwa juu ya riwaya za jiji vilevile, hasa zile zinazosifiwa kwa kuufichua umaskini wa watu ambao hawatazisoma.