Mwanafunzi wa Miaka 84

Januari 2004, mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Alikuwa na miaka 84. Elimu ya msingi nchini Kenya ilikuwa imetangazwa kuwa ya bure mwaka uliotangulia, naye hakuona sababu ya tangazo lile kuwa la watoto peke yao. Akavaa kaptula na soksi ndefu, akaja kujifunza kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe.

Wengi humsifu Maruge, na anastahili. Mimi nampenda pia mwalimu mkuu Jane Obinchu, aliyempokea wakati madarasa ya nchi nzima yalipokuwa yamefurika. Hebu mfikirie mwalimu anayemtazama mtu wa rika la babu yake akikazana na irabu, akifuta, akiandika tena, akiketi bega kwa bega na watoto wa miaka sita. Mwalimu gani ataingia darasa hilo kesho yake akiburuta miguu?

Mshahara mdogo na marundo ya madaftari ni mzigo wa kweli, tusiwafiche walimu wetu. Ila furaha ya kuona mtu anaelewa hailetwi na wizara. Huletwa na mwanafunzi.

Mwaka 2005 Maruge alikwenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kutetea elimu ya bure. Nawe mwalimu unayesoma hapa, nani ndiye Maruge wa darasani kwako, anayekufanya uwahi asubuhi? Mwambie leo.