Muumba na Mifupa ya Kale

Mkatekumeni wa Lubumbashi husikia mafundisho mawili. Shuleni hufundishwa ya kwamba viumbe vyenye uhai vimebadilika polepole katika miaka mingi mno, hata mwili wa mtu. Katika katekismu hufundishwa ya kwamba Mungu ameumba vyote. Moyo wake wafadhaika: je, aache shule, au aache ubatizo? Haimpasi kuacha hata kimoja.

Kusini ya Katanga, katika nchi ya Zambia, upo mji wa Kabwe. Mwaka 1921 wachimba madini walikuta huko fuvu la mtu wa kale. Paji lake lalala nyuma, na mfupa wa juu ya macho ni mnene kuliko wa watu wa leo. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza ya kwamba umri wake ni miaka 300,000 hivi. Anayelikana fuvu hilo ili amtetee Mungu, amtetea kwa uongo. Naye Mungu ndiye Kweli. Mtakatifu Agostino, mzaliwa wa Afrika, aliwaonya zamani Wakristo wasinene ovyo juu ya mambo ya dunia, wasioamini wasije wakayacheka Maandiko.

Lakini elimu nayo ina mpaka. Mtu akiuweka katika mizani msalaba wa shaba waliousubu wazee wa Katanga, atajua uzito wake. Mizani haitamwambia fundi aliusubu kwa nia gani, wala kwamba ulitolewa kuwa mahari. Vivyo hivyo mfupa waonyesha umbo la mwili. Hauonyeshi kwa nini ulimwengu upo, wala roho yatoka wapi.

Kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa kuhesabu miaka. Chafundisha ya kwamba vyote vyatoka kwa Mungu, na mtu ni mfano wake. Mwaka 1950 Papa Pio wa 12 aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu umetokana na viumbe vilivyotangulia. Ila roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa 2 alisema ya kwamba elimu hiyo ya mabadiliko ni zaidi ya dhana tu.

Swali: Je, mkatekumeni aweza kuyapokea mafundisho ya mwalimu na kumsadiki Muumba?
Jibu: Aweza. Mwalimu aeleza jinsi mwili ulivyofanyika; imani yamtaja Yeye aliyetaka mtu awepo, naye ampenda.