Damu kwa Dalili

Tumeulizwa katika darsa: mtu amehukumiwa kwa kuua, wala hapana aliyemwona akiua, ni dalili tu zilizomshika. Je, yafaa Waislamu kumchangia fedha za rufani, au huko ni kumdhulumu aliyelala kaburini? Muulizaji akaongeza kuwa wako wasemao: na asubiri, ndiyo kadari yake.

Jawabu letu ni kuwa yafaa, na huenda ikawa wajibu. Ama hilo la kadari, twalistaajabia. Wasemao hivyo wakishitakiwa kwa mpaka wa shamba, hutafuta wakili kabla jua halijatua.

Dalili hatuzikanushi. Katika Sura ya Yusuf, kanzu iliyoraruka nyuma ilimtakasa Nabii Yusuf na tuhuma. Lakini katika sura hiyo hiyo imo kanzu nyingine, iliyopakwa damu ya uwongo, na limo kopo la mfalme lililokutwa katika mzigo wa ndugu asiyeiba. Kisa hicho cha kopo alikitaja hata Lord Normand wa Baraza la Faragha la Uingereza mwaka 1952, katika rufani ya Teper iliyotoka British Guiana, na rufani ile ikakubaliwa.

Ibn Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, asimulia katika kitabu chake al-Turuq al-Hukmiyya habari ya mtu aliyekutwa gofuni, kisu chenye damu mkononi na maiti mbele yake. Alipofikishwa kwa Sayyidna Ali akakiri. Alipokuwa akipelekwa kuuawa, akaja mwingine mbio akasema kuwa yeye ndiye muuaji. Kumbe yule wa kwanza alikuwa mchinjaji. Alichinja ng'ombe, akaingia gofuni kwa haja yake. Mbona alikiri? Aliona hapana atakayemsadiki, naye amekutwa vile. Na tuangalie: hapo dalili na ikirari zilikutana, na zote mbili zikakosea. Kilichomwokoa ni ule mwendo baina ya hukumu na upanga. Rufani ni kuurefusha mwendo huo kwa kanuni.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, dalili kama hizo huitwa lauthi; warithi huapa viapo 50, na kauli yenye nguvu ni kuwa hupata dia, si kisasi. Mahakama za Kenya nazo, tangu kesi ya Kipkering arap Koske ya mwaka 1949, hutaka dalili zisizokubali maelezo mengine ya kiakili ila hatia. Na tangu hukumu ya Muruatetu ya mwaka 2017, kifo si adhabu ya lazima kwa kuua. Basi hata adhabu yaweza kukatiwa rufani peke yake.

Haki ya marehemu haipotei kwa hayo. Haki yake i juu ya muuaji wake, si juu ya yeyote aliyepatikana. Akifungwa asiye muuaji, muuaji yu nasi, na pengine alilibeba jeneza.

Lakini mchango uwe wa wakili na nakala za kesi. Kumnunua shahidi ni haramu, na ajuaye jambo la kumdhuru mshitakiwa asilifiche kwa sababu ya undugu. Muulizaji na atujulishe hukumu ilisomwa lini, kwani ilani ya rufani huwekwa ndani ya siku 14.