Jirani Huishia Nyumba ya Ngapi?

Mwanasheria anayetajwa katika Injili ya Luka, aliyemwuliza Yesu jirani yake ni nani, alikuwa anatafuta mpaka. Alitaka aonyeshwe wajibu wake unakoishia, ili akishafika hapo ahesabu kwamba amemaliza. Hakuonyeshwa mpaka wowote. Alisimuliwa habari za msafiri aliyeachwa nusu mfu njiani, akaokolewa na mtu wa jamii iliyodharauliwa. Wanazuoni wa Kiislamu nao walijadili haki ya jirani inafika wapi, na wapo waliotaja nyumba arobaini kila upande. Lakini hata hao hawakufundisha kwamba mwenye nyumba ya arobaini na moja aachwe alale njaa. Leo swali hilo limehamia pembezoni mwa miji ya Marekani, na jibu lake limechorwa kwenye ramani kwa jina la wilaya ya shule. Ninachodai ni kwamba mstari huo unafaa kupangia mabasi, walimu na madawati, ila haufai kupimia wajibu wa mtu kwa mtoto wa mwenzake. Na ushahidi mzito wa dai hilo unatoka katika vitongoji vinavyokua, ambavyo ndivyo vyenye sababu kubwa ya kuupenda mstari huo.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wilaya ya shule huko si hii wilaya yetu yenye mkuu wake na ofisi ya afisa elimu. Katika jimbo la Texas, ambako ziko zaidi ya 1,000, ni mamlaka inayojitegemea. Ina bodi inayochaguliwa na wapiga kura, ina mipaka yake ambayo mara nyingi haifuati ya mji, na ina uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Jimbo huchangia, serikali ya shirikisho huongeza kidogo, lakini kwa miongo mingi tofauti kati ya shule na shule imetokana na thamani ya nyumba zilizomo ndani ya mstari. Ndiyo maana mzazi anayetafuta nyumba huuliza habari za shule kabla ya kuuliza habari za paa, na nyumba mbili zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kupishana bei kwa sababu moja iko ndani na nyingine iko nje.

Tazama Frisco, kaskazini mwa Dallas. Mwaka 1990 ulikuwa mji mdogo wa watu 6,000 na kidogo. Sensa ya 2000 ilihesabu 33,714, ya 2010 ikahesabu 116,989, na ya 2020 ikafika 200,509. Wilaya ya shule yenye jina hilo ikawa na wanafunzi zaidi ya 60,000. Shule za watoto hao zilipaswa kujengwa kabla hawajafika, kwa fedha ambazo wazazi wao walikuwa hawajaanza kuzilipa. Mwaka 2014 wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola milioni 775, na mwaka 2018 nyingine za dola milioni 691. Hatifungani ni deni, na deni hilo hulipwa na kila mwenye nyumba: ajuza ambaye wanawe walimaliza shule zamani, kijana asiye na mtoto, na hata mtu anayempeleka mwanawe shule ya kulipia. Wote hao walikubali kumjengea darasa mtoto wa mgeni ambaye wakati huo huenda alikuwa bado yuko California au India. Walisitasita pia, maana mwaka 2016 walikataa pendekezo la kuongeza kiwango cha kodi. Lakini kwa jumla walilipa. Basi kitongoji kinachokua hakiwezi kusema kwamba kila mtu alipe ya mwanawe, kwa kuwa chenyewe kimesimama juu ya kinyume cha kauli hiyo. Wakazi wake wamekwisha kukiri kwamba mtoto wasiyemjua ana haki juu ya mifuko yao. Kilichobaki ni kueleza kwa nini haki hiyo imfikie aliyetoka mbali akanunua nyumba jana, isimfikie aliyezaliwa jirani, ng'ambo ya mstari.

Ng'ambo ya mstari wa aina hiyo ilipata kupimwa mbele ya mahakama, katika jimbo hilohilo la Texas. Mwaka 1968 Demetrio Rodriguez, fundi bati katika kambi ya jeshi la anga ya Kelly mjini San Antonio, alifungua kesi pamoja na wazazi wenzake wa wilaya ya Edgewood. Takwimu zilizowekwa mezani ni za mwaka wa masomo wa 1967 hadi 1968, na zinastahili kusomwa polepole. Edgewood ilijitoza senti 105 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kiwango cha juu kuliko chote katika eneo la jiji. Alamo Heights, wilaya ya wenye nacho katika jiji hilohilo, ilijitoza senti 85. Baada ya kila wilaya kutoa mchango uliowekwa na jimbo, kodi ya Edgewood ilibakiza dola 26 kwa kila mtoto, na ya Alamo Heights dola 333. Hata fedha za jimbo na za shirikisho zilipojumlishwa, mtoto wa Edgewood alitengewa dola 356 na mwenzake dola 594. Waliojinyima zaidi ndio waliopata kidogo. Sababu haikuwa uvivu wala kutojali elimu. Mali iliyosimama nyuma ya kila mwanafunzi Edgewood ilikuwa na thamani ya dola 5,960, na Alamo Heights ilizidi dola 49,000.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia wazazi hao kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Lewis Powell, aliyewahi kuongoza bodi ya shule za Richmond, aliandika kwamba Katiba ya shirikisho haiitaji elimu kuwa haki ya msingi, na kwamba mfumo ule unalinda mamlaka ya wenyeji juu ya shule zao. Hoja hiyo ya pili haipuuziki. Watu huitunza shule wanayoiona kuwa yao, na shule inayoendeshwa kwa waraka kutoka mbali huota kutu. Ila mamlaka ya wenyeji ni neno tupu pale ambapo mwenyeji hana la kuchagua. Jaji Byron White, miongoni mwa wanne walioshindwa, alipiga hesabu: ili kuifikia wilaya iliyokusanya zaidi katika kaunti yao, Edgewood ingelazimika kutoza dola 5.76 kwa kila dola 100, na sheria ya jimbo haikuruhusu kupita dola 1.50. Anayesema watu wa Edgewood walichagua shule duni ni sawa na anayemsifu maskini kwa kufunga, wakati hana cha kula.

Pingamizi jingine husema fedha hazifundishi. Ripoti ya James Coleman ya 1966 ilionyesha kwamba hali ya nyumbani kwa mtoto huathiri masomo yake kuliko vifaa vya shule, na wengi wameishika kama ngao. Jaji Thurgood Marshall alikwisha kulijibu katika kesi hiyohiyo: kama fedha hazina maana, wilaya tajiri zinapigania nini? Tena Coleman huyohuyo aliona kwamba wanafunzi wenzake mtoto nao wanachangia sana maendeleo yake. Matokeo hayo hayautetei mstari. Yanaushitaki mara ya pili, kwa kuwa unagawa fedha na pia unachagua nani akae dawati moja na nani.

Linabaki pingamizi la moyo, na ndilo gumu kuliko yote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani amlaumu anayejibana miaka kumi ili anunue nyumba karibu na shule nzuri? Mimi simlaumu. Upendeleo wa mzazi kwa mwanawe ni wema, na dini zetu zinauamrisha. Lakini sheria haina mwana wa kuzaa, na tunaidai haki kwa sababu hiyohiyo. Mwanafalsafa John Rawls, miaka miwili kabla ya hukumu ile, alitutaka tutunge kanuni za jamii kana kwamba hatujui tutazaliwa nyumba ipi. Asiyejua kama mwanawe ataamkia Alamo Heights au Edgewood hatatia saini ramani ile. Mzazi na ampende wake, ila asiitumie sheria kumnyima wa mwenzake.

Texas yenyewe ilifika nusu ya njia. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya jimbo, kwa kauli moja, iliukataa mfumo ule kwa kutumia katiba ya jimbo, na tangu 1993 wilaya zenye mali nyingi hulazimika kuachia sehemu ya kodi kwa ajili ya nyingine. Wenye nazo wamelalamika tangu siku hiyo, na mara nyingine kwa haki, hasa jimbo linapopunguza mchango wake na kuegemea wao. Hata hivyo kanuni ilikwisha kukubaliwa kwamba fedha zinaweza kuvuka mstari, ingawa mtoto mwenyewe kwa kawaida hubaki upande wake. Nasi tunaohamia pembezoni mwa Dar es Salaam na Nairobi tusicheke. Ruzuku yetu hutoka serikali kuu, lakini michango ya wazazi huchora mistari yake, na haihitaji ramani.

Wilaya ya shule inaweza kutuambia mtoto apande basi lipi. Haiwezi kutuambia ni mtoto yupi hatuhusu. Kuhusu Katiba ya Marekani, hukumu ya 1973 haijatenguliwa hadi leo.