Kijana Akiacha Kuja Kanisani

Katika makanisa yetu ya ughaibuni, hasa yale yanayokodi ukumbi wa wenyeji Jumapili mchana baada ya wenyewe kumaliza ibada yao, kuna mtu mmoja asiyeonekana sana kwenye ratiba. Si mchungaji, si mzee wa kanisa, wala si kiongozi wa kwaya. Ni yule kaka au dada aliyekabidhiwa vijana. "Wewe unakielewa Kiingereza chao, kaa nao," anaambiwa, kisha kikao kinaendelea na habari za mchango wa kodi. Anawachukua vijana saba au wanane wa miaka 13 na 14, anaingia nao chumba cha nyuma chenye vile viti vidogo vya chekechea, na kazi inaanza. Akiwa mtu wa kweli, miaka mitano baadaye bado yuko nao.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari linahusu mwaka huo wa tano. Kijana amefika miaka 17 au 18. Siku moja anasema haji tena kanisani. Haamini, au hana hakika, au amechoka tu. Hajavunja sheria, hajamtukana mtu. Je, mlezi wake ana deni gani kwake kuanzia siku hiyo?

Majibu ninayoyasikia ni mawili. La kwanza ni kwamba mlezi amemaliza sehemu yake, amwachie Mungu. La pili ni kwamba amfuate kama kondoo aliyepotea. Hili la pili linapendeza zaidi masikioni, lakini tuangalie linavyotendeka. Mlezi anamfuata mara ya kwanza, mara ya pili, anamwalika kwenye kongamano la vijana, na anapoona harudi, simu zinakoma. Mwisho wake ni uleule wa jibu la kwanza, tofauti ni wiki sita.

Kwa nini jambo hili ni zito? Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana zaidi ya elfu moja waliokuwa wameomba mlezi wa kujitolea kupitia shirika la Big Brothers Big Sisters. (Shirika hilo lina mizizi yake New York mwaka 1904, pale karani wa mahakama ya watoto, Ernest Coulter, alipochoka kuona watoto wakipita mbele yake bila mtu mzima wa kuwashika mkono.) Waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika kuliko wote. Lakini wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kujithamini kwao kulishuka. Maana yake ni kwamba mlezi anayekuja na kuondoka upesi anaweza kuwa na madhara kuliko asingekuja kabisa.

Sasa uchukue ukweli huo uulete kwetu. Mfikirie kijana aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Utoto wake wote ni kuaga. Jirani jina lake limetoka kwenye orodha, ameondoka. Shangazi kesi yake imekwama, amebaki. Kijana anafika Marekani, anaanza kuzoea mtaa, baba anasikia kuna kazi ya kiwanda cha nyama katika jimbo jingine, wanahama. Akifika miaka 14 ameshaagana na watu wazima wengi kuliko wewe na mimi katika umri wetu wote. Hahitaji kufundishwa kwamba watu huondoka. Hilo analijua, na anatuangalia kimya kimya aone na sisi tutaondoka lini, na kwa sababu gani.

Hiyo "kwa sababu gani" ndiyo kiini cha habari yangu.

Njia ya kuwafikia vijana kwa urafiki si ngeni. Jim Rayburn, aliyeanzisha huduma ya Young Life huko Texas mwaka 1941, aliona kwamba ukiwangoja vijana kanisani utangoja sana. Akawafuata shuleni na viwanjani, akawa rafiki yao kwanza, neno likaja baadaye. Njia hiyo imezunguka dunia, imefika mpaka Kenya na Tanzania, na imezaa matunda mengi mema. Lakini ndani yake kuna mtego. Mwaka 2007 mwanateolojia Andrew Root, wa seminari ya Kilutheri huko Minnesota, aliandika kitabu kizima kuuliza kama urafiki huo haujageuka kuwa nyenzo tu, yaani tunampenda kijana ili tumpate. Kwa lugha ya wavuvi wetu, chambo. Na chambo, hata kiwe kitamu namna gani, hakitupwi majini kwa kumhurumia samaki.

Mtu atapinga: je, mlezi wa Kikristo asitamani kijana aamini? Hiyo si ndiyo kazi yake? Ni pingamizi la haki, na wanaolijibu kwa kusema mlezi asiwe na matarajio yoyote nadhani wanajidanganya. Mtu anayeamini kwamba ana maji ya uzima halafu asitamani mwenzake anywe, ama haamini, ama hampendi. Atamani tu. Ila kuna tumaini na kuna sharti, navyo havifanani. Mama anatumaini mwanawe awe daktari. Mtoto akiwa fundi bomba bado anapakuliwa ugali. Hilo ni tumaini. Sharti ni pale sahani inapoondolewa.

Ugumu ni kwamba kwa muda mrefu vitu hivi viwili havitofautiki kwa macho. Mwenye tumaini na mwenye sharti wote hufika mazoezini, wote hununua chipsi, wote huombea mitihani. Hata mlezi mwenyewe hajui anacho kipi. Siku anayojua ni ile siku kijana anaposema hapana. Kabla ya hapo anaweza kudhani anapenda, na labda anapenda kweli, lakini hajapimwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani ambaye wengi tunamjua kwa kifo chake tu, kwamba Wanazi walimnyonga Flossenbürg mwezi Aprili 1945. Mwishoni mwa mwaka 1931, akiwa na miaka 25 na ametoka masomoni New York, alipewa darasa la kipaimara katika mtaa wa Wedding, kaskazini mwa Berlin, mtaa wa wafanyakazi maskini wakati ajira zimekauka. Walikuwa wavulana wapatao 50, na mzee aliyekuwa akiwafundisha walikuwa wamemshinda. Siku ya kwanza walimpokea kwa makelele na kumrushia vitu toka juu ya ngazi. Yeye hakupiga kelele. Akaanza kuwasimulia habari za Harlem kwa sauti ya chini, wa mbele wakasikia, wa nyuma ikabidi wanyamaze. Mwanzoni mwa 1932 alihama kwao, nyumba ya profesa, akapanga chumba karibu na mtaa wao. Jioni walikuja kwa zamu kula, kucheza sataranji na kujifunza Kiingereza kidogo. Siku ya kipaimara ilipokaribia na wazazi hawana uwezo wa nguo, alinunua jora la kitambaa akalikata vipande vya suti.

Kwa wengi wetu hapo ndipo hadithi ingeisha: wamebarikiwa, picha zimepigwa, cheti kimetolewa. Yeye mwaka uleule alijipatia kibanda Biesenthal, nje ya Berlin, akawa anawachukua baadhi yao kwenda huko mwisho wa wiki. Darasa lilikuwa limekwisha, lakini vijana walikuwepo bado. Na tuseme ukweli wote: Oktoba 1933 aliondoka kwenda London kuchunga makanisa mawili ya Wajerumani (mwana-ughaibuni mwenzetu kabisa, akihubiri kwa lugha ya nyumbani katika mji wa watu). Kwa hiyo hata yeye hakukaa miaka kumi. Walezi huhama, visa huisha, shifti za usiku hubadilika. Sioni kosa katika kuondoka kwa namna hiyo. Kosa ni kumfanya kijana aelewe kwamba ulikuwa wake alipokuwa katika hesabu yako.

Na hapa sisi tuna urithi wetu ambao tunausahau. Kwa Wakatoliki, msimamizi wa ubatizo kisheria hawezi kuwa baba wala mama wa mtoto, na kwa kawaida awe ametimiza miaka 16. Kanisa lilitaka mtoto awe na mtu mzima mmoja zaidi. Mtoto huyo akikua akaacha misa, sijasikia mtu akisema, "Basi, si baba yangu wa ubatizo tena." Kule pwani msichana alikuwa na somo yake, na hata alipoolewa na kuzaa, somo alibaki somo. Vyeo hivi havikutegemea mahudhurio. Tumefika ughaibuni, tumekuta programu zenye fomu na taarifa ya mwaka, na pole pole tumeanza kufikiri kwamba kijana asiyehudhuria si wa idara yetu.

Kuna mambo mawili yanayonitia shaka katika hoja yangu mwenyewe, na siwezi kuyaruka.

La kwanza ni Eli. Kuhani huyu alimlea mtoto wa mtu, Samweli, akamfundisha kuitambua sauti ya Mungu usiku. Wanawe wa kuzaa, Hofni na Finehasi, walikuwa wameharibika nyumba hiyohiyo. Namfahamu zaidi ya mlezi mmoja ambaye simu yake iko wazi usiku kucha kwa watoto wa wenzake, na mtoto wake mwenyewe anamsikia kupitia ukutani. Kwa hiyo ninaposema deni linabaki, sisemi saa zilezile zibaki. Deni lenyewe ni dogo, na lazima liwe dogo ili lilipike: kijana ajue namba yako haijabadilika, umtakie heri siku ya mtihani, uende mahafali yake ukialikwa, alichokuambia faragha kibaki faragha, na habari zake zisigeuzwe mfano wa mahubiri. (Hili la mwisho linavunjwa mno.) Na anayejua kwamba atakuwepo miezi mitatu tu, afundishe wimbo, aandae michezo, asijitangaze kuwa kaka mkubwa.

La pili ni zito zaidi. John Smyth alikuwa wakili mashuhuri Uingereza na kiongozi wa kambi za Kikristo za wavulana wa shule za bweni. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 aliwachapa wavulana kikatili mno akiuita ukatili huo adabu ya kiroho. Mwaka 1982 baadhi ya viongozi walijua. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi kwa watoto wa Kiafrika, na ukatili ukaendelea. Alifariki 2018 bila kufikishwa mahakamani Uingereza. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka Novemba 2024, ikitaja waathirika zaidi ya 100, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Huyu naye alikuwa mlezi wa muda mrefu, wa karibu, mwenye kufungua nyumba yake. Tukisifu kukaa muda mrefu peke yake, tumemsifu na yeye.

Ndiyo maana sikubali kwamba urefu ndio kipimo. Ninachouliza ni kama kijana anaweza kuondoka bila kuadhibiwa. Kwa mlezi mwema mlango uko wazi, kijana anatoka na anarudi, wazazi wanajua walipo, mikutano iko mahali pa watu, na kule Uingereza cheti cha DBS kimeombwa hata kama mlezi ni shemeji wa mchungaji. Anayemkatia kijana mawasiliano kwa sababu ameacha ibada hajafika alikofika Smyth, hata kidogo. Lakini amegusa upande wa mwanzo wa kamba hiyohiyo: ameifanya hapana ya kijana iwe na gharama.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Yohana Marko, kijana aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani Pamfilia akarudi Yerusalemu. Safari ya pili Paulo alikataa katakata kwenda naye. Barnaba akamng'ang'ania, wakagombana, Barnaba akapanda merikebu na Marko kwenda Kipro. Wengine husema alimpendelea kwa sababu walikuwa ndugu, na kweli walikuwa ndugu. Kitabu cha Matendo hakimtaji tena Barnaba baada ya merikebu ile. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amletee joho, vitabu, na aje na Marko, maana anamfaa.

Kwa wazee wa kanisa nina ombi moja. Taarifa zetu za mwaka zina nafasi ya vijana waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliohudhuria kongamano. Ongezeni mstari mmoja: vijana ambao hawaji tena na bado kuna mtu wetu anayewapigia simu. Msiandike majina. Na mlezi ambaye darasa lake limebaki na watoto wawili, kabla hamjamhamishia kwenye kamati ya usafi, mwulizeni wale sita wako wapi. Pengine anajua mmoja anafanya kazi gereji, mwingine mama yake anaumwa, na wa tatu walikula naye Ijumaa iliyopita.